Kinga ya Bima ya Madaktari: Anayekingwa ni Nani?



Wiki hii nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa kawaida halisikiki redioni, kwa sababu wanaolizungumza ni mawakili, madaktari na wenye kampuni za bima, tena hulizungumza wenyewe kwa wenyewe. Jambo lenyewe ni hili. Daktari akifanya uzembe, mgonjwa akapata kilema au akafa, mara nyingi anayelipa fidia si daktari mwenyewe bali ni kampuni ya bima aliyokata. Na katika nchi kadhaa kampuni hiyo nayo imewekewa kinga na sheria, ama isilipe zaidi ya kiasi fulani, ama ikielemewa isaidiwe na Serikali. Swali langu la leo ni moja tu. Kinga hiyo inamkinga nani?

Kwanza tusichanganye mambo. Bima ninayoizungumzia si bima ya afya, ile inayomlipia mgonjwa dawa na kitanda. Hii ni bima anayokata daktari, muuguzi au hospitali kwa ajili ya siku atakapopelekwa mahakamani kudaiwa. Ni kama mwenye gari anavyokata bima kwa ajili ya mtu atakayemgonga barabarani. Anayelipa ada ni mwenye gari, lakini fidia inamwendea aliyegongwa.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya Ulaya na Marekani. Sikubaliani nao. Mwezi Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, wagonjwa wawili walibadilishwa. Aliyepaswa kupasuliwa goti alipasuliwa kichwa, na aliyepaswa kupasuliwa kichwa alipasuliwa goti. Mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta mjini Nairobi, mgonjwa mmoja alifunguliwa kichwa kwa upasuaji uliokuwa wa mgonjwa mwingine. Habari hizo zilitangazwa wazi, na kila mtu aliuliza ni nani aliyekosea. Waliouliza nani atalipa, na atalipa kutoka mfuko gani, walikuwa wachache.

Sasa tuwasikilize kwanza wenye bima, maana mwamuzi hasikilizi upande mmoja. Malalamiko yao si ya uongo. Bima ya gari ni rahisi kupigia hesabu. Ajali ikitokea leo, ndani ya miaka michache madai yamejulikana na kulipwa. Bima ya daktari haiko hivyo. Mtoto aliyeumia ubongo wakati wa kuzaliwa anaweza kufikisha madai yake mahakamani baada ya miaka mingi, na daktari aliyemzalisha pengine amekwisha kustaafu. Huko Australia, mwezi Novemba 2001, mahakama ya jimbo la New South Wales ilimpa mwanamke mmoja mwenye mtindio wa ubongo fidia ya zaidi ya dola milioni 14 za nchi hiyo kwa makosa yaliyofanyika alipozaliwa mwaka 1979. Baadaye kiasi hicho kilipunguzwa katika rufaa, lakini somo lilibaki. Ada ya bima ilitozwa kwa bei za mwaka 1979, na fidia ikatozwa kwa bei za mwaka 2001. Mfanyabiashara gani atapanga bei ya bidhaa ambayo gharama yake ataijua baada ya miaka 22?

Kwa sababu hiyo, bima hii huwa na tabia ya kuchafuka ghafla. Miaka kadhaa inapita shwari. Riba za benki zikiwa juu na masoko ya hisa yakiwa mazuri, kampuni zinagombania wateja kwa kushusha ada, zikitegemea kupata faida kwa kuwekeza fedha za wateja. Kisha masoko yanaanguka, madai ya zamani yanafika, na kampuni zinapandisha ada kwa mara moja au zinafunga milango. Mwishoni mwa mwaka 2001 kampuni ya St. Paul, mojawapo ya zile kubwa kabisa katika biashara hii nchini Marekani, ilitangaza kwamba inaacha kuwakatia bima madaktari. Mwaka 2003 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilieleza kwamba sababu kubwa ya ada kupanda ilikuwa hasara za madai, lakini ikataja pia kupungua kwa mapato ya uwekezaji na ushindani uliokuwa umeshusha ada mno katika miaka ya nyuma. Yaani wenye bima wana kilio cha haki, lakini sehemu ya moshi unaowaliza umetoka katika jiko lao wenyewe.

Basi nini hufanyika ada zikipanda? Tuangalie jimbo la California, maana huko ndiko kinga hii ilikojadiliwa kwa muda mrefu kuliko karibu mahali pengine pote. Mwaka 1975 kampuni za bima zilipandisha ada mno, nyingine zikataka kuondoka. Mwezi Mei madaktari wa nusukaputi wa eneo la San Francisco waligoma kufanya kazi isipokuwa ya dharura, na upasuaji mwingi ukasimama. Gavana Jerry Brown aliliita Bunge la jimbo katika kikao maalumu, na mwezi Septemba akatia saini sheria ijulikanayo kama MICRA.

Sheria hiyo ilifanya mambo kadhaa. Iliweka kikomo cha malipo ya mawakili wa wadai. Iliruhusu fidia kubwa ya gharama za baadaye ilipwe kidogo kidogo badala ya mkupuo mmoja. Iliweka muda wa kufungua madai. Lakini jambo lililojulikana kuliko yote ni kikomo cha dola 250,000 kwa fidia ya maumivu na majonzi.

Hapa tutulie kidogo, maana ndipo penye kiini. Fidia ina mafungu mawili. Fungu la kwanza ni hasara inayohesabika, kama vile gharama za matibabu, mishahara iliyopotea, na ujira wa mtu wa kukutunza. Fungu hilo sheria ya California haikuliwekea kikomo. Fungu la pili ni la hasara isiyo na risiti, kama vile maumivu, upofu, utasa, kilema cha uso, au mzazi kumpoteza mtoto. Fungu hilo ndilo lililowekewa kikomo.

Kwa mtu asiyefikiri sana, jambo hilo laonekana la haki. Nani awezaye kupima majonzi kwa dola? Lakini chukueni mfano wa watu wawili waliodhurika kwa kosa la namna moja. Mmoja ni mhandisi wa miaka 35 mwenye mshahara mnono. Mwingine ni mama wa nyumbani, au bibi kizee, au mtoto wa miaka miwili. Mhandisi atalipwa mishahara yake yote ya miaka ijayo, kwa kuwa inahesabika. Bibi kizee hana mshahara uliopotea. Kwa yeye, na kwa mtoto aliyekufa, karibu fidia yote iko katika lile fungu la pili. Kwa hiyo kikomo ambacho kwenye karatasi kinawahusu watu wote sawasawa, kwa vitendo kinawabana wale wasio na kipato. Na kwa kuwa mawakili wa huko hulipwa sehemu ya fidia, wakili akiona kesi ya bibi kizee haitavuka kikomo huku gharama za kuwaita madaktari mashahidi ni kubwa, humwambia kwa adabu akatafute wakili mwingine. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Sheria ya California ilimwambia mwenye kovu kwamba amepoa, na bei ya kupoa kwake ilikuwa imeandikwa tangu mwaka 1975.

Jambo la pili ni baya zaidi, nalo ni la hesabu tupu. Kikomo kile hakikupandishwa kufuata mfumuko wa bei. Dola 250,000 za mwaka 1975 zilibaki dola 250,000 mwaka 1985, mwaka 1995 na mwaka 2015. Kufika mwaka 2022 kiasi hicho kilikuwa kinanunua vitu ambavyo mwaka 1975 vingenunuliwa kwa chini ya dola 50,000. Hapakuwa na kura iliyopigwa ya kuipunguza haki ya mgonjwa hadi kufikia chini ya moja ya tano. Saa ya ukutani ndiyo iliyoipunguza, na wenye bima wakakaa kimya. Mwaka 2014 wapiga kura waliletewa pendekezo la kukipandisha, wakalikataa. Hatimaye mwaka 2022 madaktari, wenye bima na mawakili walielewana. Kuanzia Januari 2023 kikomo kikawa dola 350,000 kwa mgonjwa aliye hai na dola 500,000 kama amekufa, kipande mwaka hata mwaka kwa muda wa miaka 10 hadi kufikia dola 750,000 na dola milioni 1, na baada ya hapo kiongezeke kwa asilimia 2 kila mwaka. Ilichukua miaka 47 kukubali kwamba bei hupanda.

Je, kikomo kilishusha ada? Wenye bima na madaktari wanasema ndiyo, na kwamba California ilikuwa na utulivu kuliko majimbo mengine. Watetezi wa wagonjwa wanajibu kwamba mwaka 1988 wananchi wa jimbo hilo walipiga kura wakapitisha sheria nyingine, iliyolazimisha kampuni za bima kuomba kibali kwa Kamishna wa Bima kabla ya kupandisha ada, na kwamba hiyo ndiyo iliyotuliza soko. Mabishano hayo hayajaisha. Mimi naona pande zote mbili zinashuhudia jambo moja bila kupenda. Kumbe kuna kamba mbili, ya kumfunga mdai na ya kumfunga mwenye bima, na California ilihitaji zote mbili. Mahali ambapo inafungwa moja tu, mtu aulize kwa nini.

Isitoshe, huko Marekani kampuni za bima zina kinga nyingine ya zamani. Mwaka 1944 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba biashara ya bima inayovuka mipaka ya majimbo iko chini ya sheria za taifa za kuzuia njama katika biashara. Mwaka uliofuata, 1945, Bunge lilipitisha sheria ya McCarran-Ferguson, iliyoziondoa kampuni za bima katika sehemu kubwa ya sheria hizo, mradi tu jimbo liwe linazisimamia. Kinga hiyo iliondolewa kwa kampuni za bima ya afya kwa sheria iliyotiwa saini Januari 2021. Bima ya makosa ya madaktari haikuguswa.

Sasa twende Australia, ambako njia ilikuwa tofauti. Miezi michache tu baada ya hukumu ile niliyoitaja, mwezi Mei 2002, chama kikubwa kuliko vyote cha kuwakinga madaktari wa nchi hiyo, United Medical Protection, kiliwekwa chini ya mfilisi wa muda. Kilikuwa kinawakinga zaidi ya nusu ya madaktari wote. Fikirini maana yake. Asubuhi hiyo daktari wa upasuaji alikuwa na kisu mkononi lakini hana uhakika kama akikosea atalipiwa, na mgonjwa aliyekwisha kudhurika zamani hakuwa na uhakika kama fedha zake zipo. Kosa kubwa lilikuwa kwamba vyama hivyo havikusimamiwa kama kampuni za bima, na chama kilikuwa hakikujiwekea akiba ya kutosha kwa madai yaliyokuwa yamekwisha kuzaliwa lakini hayajafikishwa ofisini.

Serikali ya Australia iliingia kati. Ilitoa dhamana ili madaktari waendelee na kazi. Kisha ikaweka utaratibu wa kudumu. Dai likivuka kiasi fulani, Serikali hulipa nusu ya kile kilichozidi. Dai likivuka dola milioni 20, kilichozidi hulipwa chote na Serikali. Daktari aliyestaafu, aliyekufa, au aliyesimama kazi kwa uzazi, huendelea kukingwa bila kulipa ada, na gharama hiyo hutokana na tozo wanayotozwa wenye bima. Hiyo ni kinga kubwa mno kwa kampuni ya bima, kubwa kuliko ya California. Tena majimbo nayo yaliweka vikomo. New South Wales iliweka dola 350,000 kwa fidia ya maumivu mwaka 2002, lakini tofauti na California, kiasi hicho kilipangwa kupanda kila mwaka.

Lakini kinga ile ilikuja na masharti. Kuanzia Julai 2003 ni kampuni iliyosajiliwa kama kampuni ya bima tu, iliyo chini ya msimamizi wa taifa wa mambo ya fedha, iliyoruhusiwa kuwakinga madaktari. Ilibidi ifungue vitabu, ioneshe akiba, na ikubali kukaguliwa. Yaani Serikali ilisema nitakushika mkono usianguke, ila kwanza nioneshe mfukoni una nini.

Ndugu wasikilizaji, hapo ndipo ninapoiona tofauti. Kinga isiyo na masharti ni zawadi, na zawadi hiyo imetolewa kwa mali ya mtu mwingine, yaani mgonjwa. Kinga yenye masharti ni mapatano. Mtu mwenye akili hawezi kuyapinga mapatano kwa sababu tu ana hasira na kampuni za bima. Bila bima, mgonjwa aliyeshinda kesi atabaki ameshika hukumu ya mahakama isiyonunua hata kiti cha magurudumu, kwa kuwa daktari hana mamilioni. Bima ikifa, haki ya mgonjwa inazikwa nayo kaburi moja.

Wala tusidanganyike kwamba mahakama zimefurika wadai waongo. Uchunguzi mkubwa uliofanywa na wataalamu wa Harvard ulipitia majalada ya wagonjwa zaidi ya 30,000 waliolazwa katika hospitali 51 za jimbo la New York mwaka 1984. Walikuta kwamba karibu asilimia 4 walidhurika kwa matibabu, na zaidi ya robo ya hao walidhurika kwa uzembe. Lakini katika waliodhurika kwa uzembe, waliofungua madai walikuwa chini ya asilimia 2. Wengi hawakujua, wengine walichoka, wengine walisema ni kazi ya Mungu.

Wako waliotafuta njia ya tatu. New Zealand, tangu mwaka 1974, ilifuta kesi za kudai fidia ya kuumia na kuweka mfuko wa taifa. Aliyedhurika na matibabu huomba kwenye mfuko, na halazimiki kuthibitisha uzembe wa daktari. Malipo ni ya kiasi, lakini yanafika kwa wengi, wala mgonjwa na daktari hawageuzwi maadui mahakamani.

Na sisi tuko wapi? Hapa Tanzania bima zote ziliwekwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua mlango kwa kampuni binafsi. Hospitali za biashara zilipigwa marufuku mwaka 1977 zikaruhusiwa tena mwaka 1991. Maana yake ni kwamba biashara zote mbili, ya kutibu kwa faida na ya kukinga kwa faida, zilirudi kwetu katika muongo mmoja. Kadiri zinavyokua, siku itafika ambapo mtu atapeleka bungeni muswada wa kuwekea kikomo fidia, akisema madaktari watakimbia. Hilo si jambo la kufikirika tu. Jirani zetu wa Kenya wanalo tayari katika bima ya magari, ambako sheria inasema kampuni ya bima hailazimiki kumlipa mdai mmoja zaidi ya shilingi milioni 3 za Kenya. Hata hivyo kuna tofauti ya kuzingatia. Kikomo hicho kinaikinga kampuni peke yake. Mahakama ikitoa zaidi, anayedaiwa kilichobaki ni mwenye gari. Kikomo cha California kinapunguza haki yenyewe, hata mahakama isiweze kutoa zaidi.

Hapo muswada utakapokuja, naomba mwananchi aulize maswali manne. La kwanza, kikomo kinapunguza anacholipa mwenye bima, au kinapunguza haki ya aliyeumia? La pili, kitapanda pamoja na bei, au tutaachiwa saa ya ukutani? La tatu, kampuni inayokingwa itafungua vitabu vyake na kuomba kibali kabla ya kupandisha ada? La nne, mtoto, mzee na mama asiye na mshahara watapimwa kwa kipimo gani? Muswada usiojibu maswali hayo, mbunge wako asiunyooshee mkono.

Na kabla ya siku hiyo, ujue unachokabiliana nacho leo. Sheria zetu zinatoa miaka 3 tu kufungua madai ya namna hii, na anayeidai Serikali, pamoja na hospitali zake, sharti atoe kwanza taarifa ya siku 90. Hizo nazo ni kinga, ingawa hakuna anayeziita kwa jina hilo. Kwa hiyo mgonjwa wako akidhurika, usikae matanga mwaka mzima ndipo uanze kuuliza. Omba maelezo mapema, tunza kila karatasi uliyopewa, na umwone mwenye kujua sheria wakati muda ungalipo. Tahadhari kabla ya hatari.